Majibu ya Salamu Zako, Dada

Dadangu mpenzi Mwanajuma,

Kuna jambo sikumwambia mtu mpaka juzi, si Mama, si mwalimu, si hata Rukia ninayekaa naye dawati moja. Neno lako la siri la kompyuta nalijua. Ulilichagua mchana wa Ramadhani, nami nimesimama nyuma ya kiti chako. Mashine ilikutaka uandike neno ambalo hutalisahau. Ukashika tumbo ukiwaza futari, ukasema, "Wallahi, leo sina neno kichwani ila kaimati." Ukaliandika. Kisha ukanigeukia: "Wee Bi Kimya, umeona?" Nikasema sikuona. Ukacheka, maana ulijua nimeona.

Tangu utuache, skuli wote waliamini kwamba majibu ya barua yetu, kama yapo, yamefungiwa humo kwenye mashine na hakuna wa kuyafungua. Nami niliwaacha waamini hivyo.

Unakumbuka yalivyoanza? Mwalimu Kazungu aliingia darasa la saba na kusema kwamba safari hii somo la bandari hatutalisoma kitabuni tu, tutawauliza watoto wenzetu wanaoishi mbali, kwa kompyuta. Alikuwa amepata anwani ya darasa moja katika mji mdogo wa bandari huko Norwe. Kisha akauliza nani kwao kuna kompyuta. Darasa zima likacheka. Omari akasema, "Mwalimu, kwetu hata redio inakohoa." Mimi, ambaye huwa sinyanyui mkono hata nikijua jibu, nikaunyanyua. Nikasema dadangu anafanya kazi nayo. Wote walinigeukia, nikatamani sakafu inimeze.

Niliporudi nyumbani Bofu kukwambia, niliogopa utakataa. Ukasema tu, "Jumamosi uvae viatu, usinitie aibu kwa Bwana Swaleh."

Nilizipenda sana Jumamosi zile. Tukivuka feri, tukipanda gari hadi Changamwe, tukishuka kwenye ile barabara ya malori yanayokwenda bandarini Kipevu, wewe mbele na buibui lako, mimi nyuma na karatasi yangu ya maswali. Ofisi ilikuwa chumba kimoja tu. Wiki nzima ulikuwa ukipiga chapa karatasi za kutolea mizigo bandarini, lakini Jumamosi baada ya adhuhuri madereva hupungua na mashine hupumzika. Bwana Swaleh, mwenye ofisi, alituruhusu kwa sharti moja: simu ikilia tuiachie, kwa sababu simu na kompyuta vilitumia waya mmoja.

Nilikupa karatasi. Meli ngapi huja kwenu? Baba zenu wanafanya kazi gani? Bahari yenu huganda? Ukaisoma, ukaiweka chini.

"Salamu ziko wapi?"

"Ni maswali ya skuli, dada."

"Kwa hiyo utaingia nyumba ya watu bila hodi, uanze kuwauliza baba zao wanafanya kazi gani? Watasema huyu karani wa sensa."

Ukaanza kuandika kwa Kiingereza chako cha ofisini. Mmeamkaje? Wazazi wenu hawajambo? Majirani je? Wagonjwa wenu wanaendeleaje? Mvua imenyesha huko? Hujafika kwenye swali la kwanza, simu ikalia, kila kitu kikapotea. Ulipokaa tena Jumamosi ya pili ulianza upya, na salamu zote zile zile, hukuacha hata moja. Bwana Swaleh akatazama juu ya miwani yake. "Mwanajuma, hao Wazungu watazeeka hujawauliza kitu."

"Wacha wazeeke na heshima zao," ukamjibu.

Barua ilipokwenda, salamu na maswali yote, uliipigapiga mashine kama mtu anayemsifu punda. Ukasema Jumamosi inayofuata tutakuja kutazama kama wamejibu.

Jumamosi hiyo ulikuwa umelala kitandani kwa Mama, homa imekupanda, huitambui sauti yangu. Nilikaa miguuni pako nikikusomea kitabu changu cha historia kwa sababu sikujua la kusema. Walikupeleka hospitali, hukurudi ukiwa hai.

Nitakwambia kilichonichoma siku ya maziko. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wewe umelazwa chumbani umefunikwa, na kila aliyeingia aliuliza kama kawaida, "Hamjambo, Mama Mwanajuma?" Mama akajibu, "Hatujambo, alhamdulillahi." Hatujambo! Nilisikia hasira ambayo sijapata kuisikia. Nilitaka kupiga kelele kwamba tuna jambo, tuna jambo kubwa. Badala yake nilijifungia jikoni, nikashika ule mwiko wako wa kukorogea unga wa kaimati mpaka vidole vikaniuma.

Skuli kuna karatasi kubwa ukutani. Upande wa kushoto tumechora bandari yetu, feri na kreni. Upande wa kulia pameandikwa "Wenzetu" na hapana kitu. Kila kipindi cha GHC, somo la jiografia, historia na uraia, macho yangu huenda pale. Omari alisema, "Wazungu wametukimbia. Wameona salamu ndefu kama foleni ya feri." Wengine walicheka. Mwalimu Kazungu alimkaripia, kisha akasema kwa upole kwamba Jumatatu ataibandua karatasi, tuendelee na mada nyingine, kwa kuwa aliyekuwa akitusaidia ametangulia mbele ya haki.

Niliogopa, dada. Kote kwingine wamekwisha kukuondoa. Nguo zako zimegawiwa, kitanda chako nalala mimi. Mle ndani ya mashine tu ndimo ambamo wewe ulikuwa wa mwisho kuingia. Nilitaka pabaki hivyo. Lakini usiku sikuacha kufikiri kwamba pengine kuna watu wamekujibu na wanasubiri, na wewe hukuweza kumwacha mtu amekusalimu bila kumwitikia.

Juzi Jumamosi nilimwambia Mama nataka kwenda ofisini kwako.

"Kufanya nini huko?"

"Kuna majibu ya skuli."

 Akachukua buibui lake ukutani. "Haya, twende."

Bwana Swaleh alisimama alipotuona. Hajamweka mtu kwenye kiti chako. Nilikaa, miguu ikagusa chini vizuri, nikagundua kwamba nimekuwa mrefu kama wewe. Niliandika neno. Mashine ikakubali.

Walikuwa wamejibu maswali yetu ya meli, dada. Na walizijibu salamu! Walidhani kila salamu ni swali la utafiti, wakagawana, kila mtoto na yake. Mmoja ameandika kwamba wameamka saa moja na nje kulikuwa na giza. Mwingine kwamba wazazi hawajambo, ila baba yake ameumia mkono kwa kamba ya meli. Aliyepewa majirani ameandika ukurasa mzima: upande mmoja kuna mzee anayepiga filimbi, upande wa pili mwanamke hasemi na mtu tangu mbwa wake aibe samaki wa watu.

"Wanasema nini?" Mama akauliza. Nilipomfasiria habari ya mbwa alicheka, kicheko kile cha kujifunika mdomo kwa mtandio. Sikuwa nimekisikia tangu uondoke. Kicheko kikageuka kilio, nami nikasubiri.

Mwishoni waliandika kwamba hapana mtu aliyewahi kuwauliza habari za majirani na wagonjwa wao. Kisha wakauliza: Na nyinyi, nyumbani hamjambo wote?

Nikamfasiria Mama na hilo.

"Waitikie," Mama akasema.

"Nisemeje, Mama?"

"Sema hatujambo."

"Lakini si kweli."

"Mtu amekusalimu, mwitikie kwanza, aingie, akae. Utamwambiaje msiba naye kasimama mlangoni?"

Nikaandika hatujambo, alhamdulillahi. Nikawauliza mkono wa yule baba unaendeleaje. Kisha nikawaambia kwamba dadangu Mwanajuma, aliyewasalimu, amefariki, na kwamba angefurahi sana kwa ule mbwa. Simu haikulia mpaka nikamaliza.

Nilinakili majibu yote kwa mkono, nikafunga mashine kama ulivyonifundisha, nikaifunika kitambaa chake. Leo Jumatatu niliingia darasani mapema, nikamwomba Mwalimu Kazungu asiibandue karatasi. Kipindi kilipofika nilisimama mbele. Rukia akaniashiria nianze. Nilisoma majibu ya salamu zako yote, halafu ndipo nikasoma ya meli.

Mdogo wako,
Bi Kimya