Maji Nyuma ya Injini

Ghomrassen, 12 Septemba 1985

Kwa mwanangu Lamjad, huko Sfax,

Amani ya Mungu na rehema zake zikufikie hapo ulipo. Baada ya salamu, napenda kukuarifu kwamba nyumbani sote tu wazima, isipokuwa gari. Nami nataraji kwamba hali yako ni njema, kwa kuwa barua yako ya sikukuu ilikuwa fupi mno na haikutaja ugonjwa.

Kusudi la waraka huu ni kama ifuatavyo. Peugeot yetu ilizimika kwenye mteremko wa kisima ikiwa imebeba mapipa ya maji, na tangu hapo haijakubali kuwaka. Fundi wa hapa aliitegea sikio kama tabibu, akasema, "Mzee Belgasem, hii imekwisha kula riziki yake." Sikuridhika na hukumu hiyo. Msimu wa zeituni unakaribia, na bila gari la kuzipeleka kinuni zitachachia kwenye magunia.

Kwa hiyo naomba uipokee injini katika karakana yako na kuitengeneza. Jilani, mtoto wa jirani yetu marehemu, hupeleka kondoo Sfax kwa pikapu yenye trela, naye yu tayari kuibeba. Tafadhali nielekeze namna ya kuisafirisha salama.

Sikuandikii ili kukuomba uje. Hilo tulilizungumza mwaka ule ulipoondoka, na kila mmoja alisema lake: mimi nilisema mizeituni haiachwi, nawe ukasema mizeituni haihitaji fundi. Mama yako amesimama nyuma yangu, anataka niandike kwamba chumba chako kimepakwa chokaa upya. Nimemweleza kuwa jambo hilo halihusiani na injini. Nimeliandika kwa ombi lake.

Ndimi baba yako,
Belgasem bin Amor

*

Sfax, 24 Septemba 1985

Baba yangu mpendwa,

Nakubusu kichwa, na mikono ya mama naibusu yote miwili. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nauliza hali ya magoti yako, maana hukuyataja, nami najua kitu usichokitaja ndicho kinachokuuma.

Ilete injini. Mwaga kwanza mafuta na maji yote. Ondoa kabureta, feni na kila kilichochomoza, uvifunge kwenye sanduku, kisha ziba kwa kitambaa safi matundu yanayobaki wazi. Usiilaze kwenye mbao tupu wala usiiache ikalie sampo, lile bakuli la mafuta chini yake, litapasuka. Ikalishe ndani ya tairi kuukuu, uikabe kwa vipande vya mbao isiyumbe. Iwe mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ikikaa nyuma, trela itatikisa mkia na kuliburuta gari nje ya barabara. Ifunge kwa minyororo minne, kila pembe mmoja, kwenye masikio yake ya kunyanyulia, si kwenye mabomba. Juu yake turubai.

Jilani atakwambia, "Kitu kizito hivi kitakwenda wapi?" Usimsikilize. Kitu kizito kikishaamua kwenda, hakuna wa kukizuia. Asimame mwendo mfupi baada ya kuondoka, akaze minyororo upya, kwa sababu barabara huilegeza.

Kuja kuichukua mwenyewe siwezi, kazi imebana. Mwambie mama habari ya chokaa nimeipata.

Mwanao,
Lamjad

*

Ghomrassen, 6 Oktoba 1985

Kwa mwanangu Lamjad,

Salamu zinazostahili zitangulie. Magoti yangu yanatimiza wajibu wao.

Nina heshima ya kukujulisha kwamba injini imeondoka leo asubuhi, nayo itakuwa imekufikia kabla ya barua hii. Nilisoma maelekezo yako kwa sauti mbele ya wabebaji, sentensi moja moja, na sikuruhusu kuendelea mpaka kila moja itekelezwe. Jilani aliniuliza, "Ami Belgasem, tunapakia injini au tunasikiliza hukumu ya mahakama?" Tulipokaza mnyororo wa mwisho akasema, "Umeifunga kama bibi arusi anayetaka kutoroka." Watu walicheka. Mimi nilikagua fundo.

Hapakuwa na kasoro yoyote. Kando ya tairi utakuta kopo la bsisa; shayiri yake mama yako ameikaanga na kuisaga mwenyewe. Nilimwambia injini haili. Akasema, "Anayeifungua anakula."

Baba yako,
Belgasem bin Amor

*

Sfax, 11 Oktoba 1985

Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Bsisa nimeila kwa mafuta na asali mpaka nikashindwa kuinuka.

Minyororo ilifika imekaza, na tairi halikusogea hata kidogo. Lakini nilipofungua nilikuta silinda ya pili ina maji, na imeshaanza kushika kutu. Pistoni imenata. Kile kitambaa juu ya tundu la kabureta kilikuwa kimelowa chapachapa, kikawa kinachuruzika ndani njia nzima. Mvua haikunyesha toka Ghomrassen mpaka hapa, nimemuuliza Jilani. Turubai halina tundu. Basi maji haya yametoka wapi? Kazi ya siku chache sasa imekuwa kubwa, na wenye magari yao wamenisimamia mlangoni.

Mtu alifunua turubai, baba. Ni nani?

Mwanao,
Lamjad

*

Ghomrassen, 17 Oktoba 1985

Kwa mwanangu Lamjad,

Amani iwe juu yako. Sisi ni wazima.

Barua yako ilinihuzunisha, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba hapakuwa na kasoro. Nilimshuku Jilani, kisha watoto wa mtaani. Mama yako alikuwa anakanda unga, akasikia ninavyohoji uani, akasema bila kuinua kichwa: "Waache wana wa watu. Ni mimi."

Nanukuu maneno yake ili usidhani nimeyapamba. "Ulipoingia kutafuta miwani nilifunua nikamwaga birika zima. Kinachotoka nyumba hii bila maji nyuma yake hakirudi. Lamjad alitoka kabla ya alfajiri, hata birika sikuwahi kushika. Si umeona?"

Nikamwambia, "Mama Lamjad, maji humwagwa nyuma ya msafiri, hayamwagwi juu yake."

Akasema, "Nyuma nilimwaga kwa kaka yangu, akachelewa miaka miwili. Safari hii nilitaka yafike."

Nimetafuta katika vitabu nilivyo navyo na sikuona msingi wowote wa desturi hii. Kwa niaba ya nyumba naomba radhi, na ningependa kujua kama injini inaweza kupona.

Baba yako,
Belgasem bin Amor

*

Ghomrassen, 19 Novemba 1985

Kwa mwanangu Lamjad,

Baada ya salamu. Waraka wangu uliotangulia haujajibiwa, nami sikuandikii kukuhimiza. Zeituni tumeanza kuzichuma. Tunazipeleka kinuni kwa punda wa Jilani, kwa kuwa pikapu yake haikosi kondoo, na kila jioni Jilani hunipigia saluti na kusema, "Huyu naye anakunywa maji, Ami, lakini hashiki kutu."

Naona ni wajibu wangu kukufahamisha jambo moja. Mama yako anaamini kwamba ameiua injini, na kwamba umenyamaza kwa hasira. Hajalitamka. Ila birika amelipandisha juu ya kabati, mahali asipofikia mwenyewe bila kiti, na siku hizi anamimina chai kwa sufuria. Mpwa wangu alipoaga kwenda Tunis, mama yako alimuaga akiwa amefumbata mikono.

Injini nimeshaipa mkono wa buriani. Naomba uandike mstari mmoja wa kumsomea.

Baba yako,
Belgasem

*

Sfax, 28 Novemba 1985

Baba yangu, mama yangu,

Nawabusu vichwa. Msomee mama polepole.

Sikukasirika. Siku ile barua yako ilipofika niliisoma nimesimama mbele ya injini, nikaifunika, nikafunga karakana. Kila nilipokaa kuandika sikujua pa kuanzia. Kwa hiyo nikafanya kazi.

Imepona. Kutu nimeisugua, pistoni imeachia, na jana iliwaka juu ya stendi mpaka majirani wakalalamika. Katika silinda ya pili kimebaki kidoa kidogo kisichodhuru kitu. Ningeweza kukiondoa. Nimekiacha.

Jilani atakuwa hapa na kondoo wake Alhamisi ijayo, na Ijumaa atairudisha. Nitaifunga mwenyewe, minyororo minne. Shida iliyobaki ni moja. Minyororo ikazwe upya baada ya mwendo mfupi wa kwanza, na baba unamjua Jilani, akishashika usukani hasimami mpaka Gabès. Lazima awepo mtu wa kumsimamisha.

Mwambie mama alishushe birika.

Mwanao,
Lamjad

*

Ghomrassen, 13 Desemba 1985

Kwa mwanangu Lamjad,

Amani ya Mungu ikufuate hapo uliporejea. Nataraji kwamba ulifika salama na kwamba wateja wako wamekusamehe zile siku ulizokaa kwetu. Sisi ni wazima. Ukiniuliza magoti, yanauma.

Injini inafanya kazi vizuri. Asubuhi hukohoa kidogo, mithili ya mtu anayetaka kuhutubia, kisha hutulia. Magunia yaliyobaki tumeyafikisha kinuni kwa safari mbili, na Jilani analalamika kwamba punda wake amekosa ajira. Chumba chako mama yako hajakifagia. Anasema vumbi la viatu vyako halimkeri.

Juu ya kuondoka kwako, nafahamu kwamba ulimwona mama yako kwenye kioo cha pikapu akimwaga birika, kwa sababu ulitoa mkono nje ya dirisha. Ulipokwisha kupinda kwenye msikiti, mama yako aliingia ndani, na mimi nikabaki barabarani. Hapo karibu palikuwa na ndoo ya maji niliyoitenga kwa ajili ya rejeta. Kwa kuwa birika ni dogo na Sfax ni mbali, niliichukua na kuimwaga yote.

Ningependa ieleweke kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ya vumbi. Mama yako, ambaye kumbe alikuwa akinitazama mlangoni, anataka niandike kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nimeliandika kwa ombi lake.

Baba yako