Mikaratusi ya Mpakani

Sumbawanga, 9 Machi 2024

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Huku mvua bado zinanyesha, goti langu linauma vilevile, na miwani mpya imenisaidia. Barua yako nimeisoma mara nne, na bado sijielewi.

Unaomba ruhusa ukate mikaratusi yangu ya kule kijijini Bungu. Unasema imekausha chemchemi, nyuki wamehama, na mipea ya marehemu mama yako inachanua bila kuzaa. Unataka kupanda mikuyu, na ukingoni mwa maharage uyaache magugu yatoe maua. Hata vitabu vyangu vya kilimo vinakuunga mkono. Miti ile niliipanda mwenyewe mwaka 1983, pale pale majini, kwa sababu miche iligawiwa bure na nilitaka mpaka unaoonekana toka mbali.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Shamba letu halina hati, lina miti. Jirani yako Kornelio aliniambia kwenye simu, huku akicheka, "Shemeji, hapa una miti tu, mwenyewe hatukuoni!" Miti ikiondoka, nani atakumbuka kwamba nina mahali pa kuzikwa?

Asubuhi nilikuandikia barua kwamba usikate, kisha nikaichana.

Kata, mwanangu. Lakini kwanza mwite Kornelio, mbele ya mzee wa kanisa mpime kwa hatua kutoka chemchemi hadi mti wa mwisho, uniandikie ni hatua ngapi. Mikuyu ipande popote maji yanapoitaka, hata ikivuka mpaka wangu.

Mjomba wako, ambaye bado anatamani kurudi,
Kristian