Watu Niliowaokoa Ziwani

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza usije ukasema mume wako wa mjini amekosa adabu tangu ulipoondoka. Arobaini yako ilisomwa vizuri, pilau ilitosha, na wale uliosema hawatakuja walikuja, tena wakafunga na ya kwenda nayo nyumbani. Mdalasini uliouacha juu ya mkeka mama aliukusanya. Kilichobaki bila kumalizwa ni kimoja tu, nacho umeniachia mimi: kile kitabu cha mama muuza samaki. Tulikiacha pale anapopanda mtumbwi na upepo umeanza kugeuka. Jumamosi iliyofuata hukuwepo.

Miezi mitano nimekibeba kwenye mkoba wa spana na bisibisi bila kukifungua. Wateja wanaonijia na pasi zao wanakiona, wananiuliza, "Fundi, unasomea nini?" Nasema ninasomea pasi.

Unakumbuka tulivyoanza? Mjomba Ramadhani, mwanao wa pili, alikuwa amekwenda Ziwa Victoria kutafuta kazi kabla mimi sijazaliwa. Mwanzoni zilikuja salamu, halafu zikaja salamu za salamu, halafu kimya. Siku moja nimepanda huko juu mlimani kukuletea sukari, ukaniambia bila hata kunitazama, "Mume wangu, wewe si unajua kusoma? Niletee kitabu cha huko alikokwenda mwanangu. Nataka kujua wanaishije."

Mimi na darasa langu la saba, nilikuwa nasoma karatasi za maelekezo ya redio na magazeti yaliyofungiwa maandazi. Nikaenda kwa yule jamaa anayepanga vitabu vya mtumba chini, karibu na soko la Morogoro mjini. Nikamwambia nataka kitabu cha ziwa.

"Ziwa gani?"

"Lolote, mradi lina watu."

Akanipa kimoja kisichokuwa na jalada. Ndugu wawili wavuvi, wamegombania nyavu. Tukaanza Jumamosi baada ya adhuhuri, wewe barazani unamenya ndizi, mimi kwenye kigoda, kidole juu ya mstari kama mtoto wa chekechea, maana bila kidole mimi hupotea.

Sikujua kusoma kuna utamu wa namna ile. Tulikuwa mlimani, ukungu umekaa kwenye migomba, na bado tulinusa moshi wa samaki wanaokaushwa. Tuliona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga juu ya maji, mwandishi akasema ni kama mji, wewe ukasema, "Mji gani hauna mbwa?" Tulijifunza kuziba mtumbwi unaovuja, kushona wavu, kujua upepo wa asubuhi na wa jioni. Mpaka leo naweza kumwelekeza mvuvi kazi yake yote kwa mdomo, na maji sijawahi kuyaingia zaidi ya magoti.

Lakini hukukubali kila kitu. Uliwaonea huruma watu wa ziwani kwa sababu kwao ni tambarare. "Mtu akidondosha chungwa, linakaa hapo hapo?" Nikasema ndiyo. Ukatikisa kichwa. Huku kwetu chungwa likikuponyoka unalifuata kwa jirani wa chini, unasalimia, unakunywa chai, unarudi na habari. Ukaniuliza, "Sasa hao wanatembeleanaje?"

Na kila kitabu, viwe viwili, viwe kumi, ulikuwa na swali moja ambalo hakuna mwandishi aliyejisumbua kulijibu. "Hayo maji yanaelekea wapi?" Nikikueleza kwamba ziwa limekaa, haliendi, ulikuwa unaguna. Maji ya Uluguru yote yana safari. Yanashuka, yanaingia Ruvu, yanakwenda kunywewa Dar es Salaam na watu wasiotushukuru. Nilidhani ni ubishi wako tu. Siku nyingine, bado tuko kwenye kile cha ndugu wawili, ukasema taratibu, kisu kimesimama: "Mto ukichukua mtu, unajua pa kwenda kumngojea. Maji yasiyokwenda popote utamngojea wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunasoma vitabu, tulikuwa tunamtafuta Mjomba.

Kwa hiyo nilipofika pale kaka mkubwa anapopinduka na mtumbwi, macho yangu yalitangulia mdomo, yakaliona lile neno mwisho wa mstari. Akazama. Nikakutazama. Ulikuwa umeshika ndizi nusu imemenywa. Nikasema, "Akashika ubao, akapiga miguu mpaka nchi kavu, akabadilisha nguo."

"Alikunywa uji?"

"Alikunywa, Bibi."

"Mzito?"

"Mzito. Wa pilipili manga."

Ukaendelea kumenya. Tabu ilikuja mbele, sura mbili nzima za msiba. Nilizigeuza harusi. Ukauliza mbona watu wanalia sana, nikasema ni watu wa kanda ile, furaha yao iko karibu na machozi.

Tangu siku hiyo hakufa mtu majini. Mwalimu wa kisiwani, nilimtoa. Mapacha wa yule mganga, nimewatoa wote wawili, mmoja nikampeleka na shule. Waandishi wanazamisha, mimi naopoa. Nilikuwa nateremka kwenda mjini nimekaa nyuma ya bodaboda nikijisifu kwamba nimekudanganya kwa ustadi mkubwa.

Halafu mwaka juzi Mjomba Ramadhani akaja mwenyewe. Hakuna aliyemtafuta, alishuka kwenye gari pale kituoni Mkuyuni, akauliza njia ya kwao kama mgeni. Amenenepa, ana upara, ana miwani ya kamba. Ulimshika uso kwa mikono miwili, muda mrefu, halafu ukampiga kofi la bega lililosikika mpaka jikoni. "Nimekusomea vitabu kumi na moja, mwanaharamu wewe!"

Tulipokaa kula, ukamwuliza alivyokuwa anavua. Akacheka. "Kuvua wapi, mama? Mimi nauza magodoro. Mtumbwi sijawahi kuupanda, naogopa maji."

Miaka yote ile, Bibi. Magodoro.

Nikaona bora nicheke, lakini wewe hukucheka. Ulikuwa na la kwako. "Huko watu wanazama?"

"Wanazama, mama. Kila msimu."

"Kwenye vitabu vya huyu hawazami," ukasema, ukininyooshea kijiko. "Wanatoka wote, wanakunywa uji."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama paa. Kisha ukamwambia, "Kesho na wewe atakusomea. Mume wangu, huyu msomee kama kilivyoandikwa. Mtu mzima, anauza magodoro, atavumilia."

Nilikufuata jikoni nikakuuliza tangu lini umejua. Ulikuwa unapuliza moto, hukugeuka. "Tangu yule wa kwanza. Ukisoma, kidole kinatembea. Ukiokoa watu, kidole kinasimama, mdomo ndio unatembea."

Nikataka kuomba radhi. Ukanikatiza: "Nani amekukataza? Mimi endelea kunisomea vilevile." Ukapuliza tena. "Uji wako ni mzito. Wa mwandishi siujui."

Ndivyo tulivyoendelea, wote wawili tukijua. Tofauti ni kwamba nilijifunza kukitembeza kidole hata kwenye uongo. Kidole kinakwenda mstari kwa mstari kama kawaida, na wewe unakitazama kwa jicho la pembeni, unatabasamu. Sidhani kama kuna wasomaji wawili waliowahi kufaidi kitabu kuliko sisi.

Sasa unaelewa kwa nini hiki cha mwisho kilinishinda. Ulipokuwepo nilikuwa na sababu ya kumwokoa yule mama muuza samaki. Wewe hupo, nimdanganye nani? Na kumsoma azame, peke yangu, nikaona ni kama kukuzika mara ya pili.

Jumamosi iliyopita nilipanda. Mama alikuwa shambani. Nikakaa kwenye kigoda kile kile, kigoda chako nikakiacha pale kilipo, na mbele yake nikaweka ndizi mbili kwa ajili ya heshima. Nikafungua. Nikasoma kwa sauti. Kuku walinisikiliza, na jirani wa chini alipaza sauti, "Fundi, unaongea na nani?" Nikajibu, "Na mke wangu!" Akasema, "Haya, msalimie!" Salamu zako hizo.

Upepo ulimchukua, Bibi. Kasia lilimponyoka. Ndoo ya samaki aliimwaga mwenyewe ili mtumbwi upate kuwa mwepesi, na unajua alivyokuwa mgumu kuachia hata dagaa mmoja. Nilifika mwisho wa ukurasa, macho yakataka kutangulia, nikayakataza. Nikageuza. Kidole kikatembea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtumbwi ukagusa mchanga. Akashuka kwa miguu yake, amelowa, anatukana upepo.

Sikumgusa. Sikuongeza hata neno, isipokuwa uji. Huo niliona haya kumnyima.

Halafu nikampigia Mjomba, huko ziwani alikorudi kwenye magodoro yake. Nikamwuliza lile swali lako, hayo maji yanaelekea wapi. Miaka thelathini na zaidi anaamka anayatazama, na hakuwa akijua. Juzi amenipigia. Amekwenda kuuliza kwa wenye mitumbwi, yeye mwenye kuogopa maji, amesogea hadi penye tope. Anasema yanatoka ziwani kwa upande wa Uganda, yanashika njia, yanakwenda mpaka Misri.

Yanakwenda, Bibi. Kumbe nayo yana safari.

Lala vizuri. Kidole kimetembea herufi zote za barua hii, ungekuwepo ungekiona.

Mimi mjukuu wako,
mume wako wa Jumamosi