Msingi Umechimbwa, Mimi Sijaulizwa

Bi Mshauri, baada ya salamu naomba unisikilize hata kama nitaandika ovyo, maana siku hizi situlii, nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui nilisimama kwa lipi. Mimi ni mkunga wa serikali hapa Pemba, kazi hii nimeifanya Wete tangu ujana wangu, sasa umri wa kustaafu umefika na nimo katika likizo ya mwisho, ikiisha narudisha ufunguo wa chumba cha serikali na ndiyo basi. Mume nilikuwa naye tukaachana kwa wema, mtoto Mungu hakunijaalia, na ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja tu, Kificho, mdogo wangu, mkulima huko kwetu Makangale, na kwake ndiko nilikokwenda likizo ilipoanza.

Nilipofika nikakuta nyuma ya nyumba yake, kwenye kiwanja alichotuachia baba na ambacho hatujakigawa, pamechimbwa msingi mrefu, mawe yamerundikwa na fundi Duni anapima kwa kamba. Nikauliza, "Nyumba ya nani hii?" Kificho akacheka. "Yetu, dada Time. Vyumba vitatu, kimoja chako. Serikali ikishakupa chako tunaezeka bati." Fundi akanipa mkono wa heri kama bibi harusi, Siti, mke wa Kificho, akaleta chai, watu wote wamefurahi, nami nikainywa chai ile nikasema alhamdulillahi, neno jingine sikulisema na mpaka leo sijalisema.

Jambo lenyewe ni hili: karani wa Bomani ameniambia nichague, ama nichukue pensheni nzima kila mwezi mpaka nife, ama ipunguzwe nipewe fungu kubwa kwa mara moja, na nikishatia sahihi hakuna kurudi nyuma. Kificho anataka fungu. Hajaniomba, Bi Mshauri, afadhali angeniomba ningejua la kujibu, yeye anazungumza kama jambo lililokwisha, na jirani wakipita anawaonyesha, "Hapa atalala dada."

Wiki iliyofuata jirani yetu Tatu alishikwa na uchungu, nikaitwa, nikaenda mikono mitupu bila mkoba wangu, nikampapasa nikajua mtoto amekaa vibaya. Mama yake akanishika nguo, "Weye ndiwe mkunga wetu sasa, mzalishe hapa hapa." Nikakataa, nikapiga kelele kama mwendawazimu mpaka Devji mwenye duka akatoa lori lake, nikampakata Tatu njia nzima mpaka hospitali yetu ya Wete. Pale mlangoni mkunga kijana aliyeshika nafasi yangu, tena mimi ndiye niliyemfundisha, akanipokea kwa adabu zote, akasema, "Bi Time, sasa niachie mie." Akaingia na Tatu, mimi nikabaki nje kwenye benchi pamoja na wenye wagonjwa, nasikia sauti za ndani, miguu inataka kwenda na sina ruhusa. Mtoto alizaliwa mzima, alhamdulillahi, watu wakashangilia, nami nililia na si kwa furaha peke yake.

Tangu siku hiyo nimebaki chumbani kwangu hapa Wete, nafagia ua uliokwishafagiwa, nafua na kupiga pasi nguo za kazi ambazo sitazivaa tena. Rafiki yangu Bi Mwanamize, mjane wa hapa Wete, ana chumba cha uani, ananiambia, "Njoo ukodi kwangu, tuzeeke pamoja." Moyo wangu uko huko. Lakini nikimkatalia Kificho, siku nikiugua nani ataninyanyua, na nikifa nani atasimama mbele ya jeneza langu? Nishauri, maana karani anangoja jibu, na kila siku ukuta unapanda.

*Mkunga Asiyetulia, Pemba*

JIBU

Bi Mkunga, kwanza majina nimeyabadili, usihofu. Pili, pole. Benchi lile nimelikalia pamoja nawe nilipokuwa nasoma, na najua halikuwa jepesi. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu mengine umejitakia. Maisha yako yote umewaambia wanawake wenye maumivu, "Sema, mama, wapi panauma?" Ilipofika zamu yako ukanywa chai! Mdogo wako si mwizi. Ameona dada yake amekubali, akaita fundi. Kila siku unayonyamaza unamwongezea jiwe la kuja kukulaumu nalo.

Pensheni chukua nzima. Hukunitajia deni wala biashara, na huna mtoto wa kukulisha. Fungu litaisha pamoja na bati, na bati likishapigwa misumari halikununulii unga. Ile ya kila mwezi ndiyo itakayokufanya usimnyooshee mtu mkono, awe ndugu au jirani.

Nyumba usiijenge. Kiwanja cha baba yenu hamjakigawa, na ukuta uliojengwa juu ya urithi usiogawanywa huwapeleka ndugu kwa kadhi wakiwa hawasemezani. Nendeni kwa kadhi sasa, mngali mnapendana, kila mmoja aijue sehemu yake. Ukitaka kumsaidia Kificho baadaye, msaidie kwa kiasi usichokihitaji, umwambie kwa mdomo wako kwamba ni zawadi, kisha usiidai hata kwa jicho.

Kuhusu kazi, ulifanya vyema kuita lori, na usikubali hata siku moja kuzalisha mikono mitupu kwa sababu mtu kakushika nguo. Lakini mkono wako haukustaafu kumshika mwanamke mwenye hofu. Wajue wenye mimba mtaani mwako, wahimize waende hospitali mapema, wasindikize. Kisha kaa kwenye benchi. Utalizoea.

Na hilo la jeneza: unataka kununua kwa nyumba kitu ambacho ndugu hutoa bure. Akikizuia kwa sababu ya bati, basi hukuwa nacho tangu mwanzo, na afadhali ulijue hilo ungali na nguvu za kutembea. Mimi sidhani atakizuia. Nenda Makangale wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwambie mkiwa wawili, mchana, kabla hujakaribishwa chai.

Mkunga huyu ametuandikia tena, nasi tunaichapa barua yake kama ilivyo, ila majina:

Bi Mshauri, nilikwenda. Nilimkuta Kificho peke yake juu ya ukuta, nikamwambia papo niliposimama. "Kificho, mimi sijengi. Pensheni naichukua nzima, nitakaa Wete." Akashuka polepole. "Kwa hiyo mie ntu mbaya? Nimekula chako?" Nikamwambia, "Hukula kitu. Mimi ndiye niliyenyamaza." Nikamtajia habari ya kadhi, akachukua jembe akaenda shamba. Siti alinifuata mpaka barabarani na kikapu cha muhogo, akasema, "Wifi, wacha ghadhabu zimtoke. Chumba umeshapata?" Nikarudi nikilia, nikapita Bomani nikatia sahihi kabla moyo haujageuka.

Sasa niko kwa Bi Mwanamize. Siwezi kukudanganya kwamba nimetulia. Asubuhi ni ndefu, mara nyingi najikuta nimeshika njia ya kazini. Nimewasindikiza wanawake wawili nikakaa kwenye benchi, na bado sijalizoea.

Ijumaa, baada ya sala, mlango ulibishwa. Alikuwa Kificho, kavaa kanzu, uso haujakunjuka. Hakutaja nyumba, hakutaja kadhi. Alisimama kizingitini, akakitazama chumba changu, dari mpaka sakafu, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akavua viatu akaingia.