Diski Iliyopigwa Nyundo

Mtaa wa Elm,
Beatrice, Nebraska.
9 Machi 2019

Mpendwa wifi yangu Joleen,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji isiyotaka kuondoka. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Spokane? Mimi nashukuru, napumua. Mkono bado uko kwenye plasta ngumu, na jino la mbele sina tena, kwa hiyo ukiniona natabasamu usinicheke.

Barua yako niliipata. Unasema Alhamisi utasimama mahakamani huku kumwambia hakimu kwamba kaka yako Dwight hajawahi kumnyanyulia mtu mkono, kwamba mimi nilianguka ngazi, basi wamwachie arudi nyumbani. Sikujibu siku ile kwa sababu ningekutukana, nami sijawahi kukutukana.

Unajua alivyonipiga? Alinishika nywele akanibamiza kwenye mlango wa friji, kisha akaukanyaga mkono wangu mpaka nikausikia mfupa ukivunjika. Halafu akaikumbuka ile kamera ndogo ya jikoni. Akachukua nyundo akaiponda kompyuta inayohifadhi video za kamera. Akaponda skrini, akaponda kibodi, akaridhika. Diski iko ndani zaidi, haikuumia sana.

Jana kaka yangu Lyle aliichomoa, akaiunganisha kwenye kompyuta yake kuukuu iliyo gerejini. Kizee kile hakibebi mfumo mwingine wowote wa kuendeshea kompyuta, ila ile Linux nyepesi anayoiwasha kwa flashi. Ikawaka vizuri, lakini mshale wa kipanya ukaganda katikati ya skrini. Lyle akakibamiza kipanya mezani, akakitukania mama yake, akaanza kupigapiga vitufe ovyo. Mara ukafunguka ukurasa wa kugawa diski upya, na alama ikakaa juu ya "Futa yote".

"Nabonyeza Enter tutoke humu," akasema.

"Lyle, usiguse!"

"Aa, hebu niache! Najua ninachofanya."

Hajui lolote! Nikainua plasta nikamshushia mkononi kwa nguvu zangu zote. Akapiga yowe, vidole vikachuruzika damu, na maumivu yakanipanda mimi hadi begani. Tukalia wote wawili.

"Umenivunja, mwanamke wewe!"

"Bora vidole vyako kuliko diski yangu. Hicho kipanya umekichomeka saa ngapi?"

"Si baada ya kuwasha?"

Kumbe ndilo hilo tu. Vipanya vya zamani, vile vya plagi ya duara, usipovichomeka kabla ya kuwasha, mashine haivitambui kabisa. Tukazima, tukachomeka, tukawasha tena. Mshale ukatembea.

Lakini ile sehemu ya diski niliyoitengea kamera haikuonekana. Skrini ilisema hapo ni patupu. Wifi, nilimwona Dwight akilini ameachiwa, anaingia mlangoni, na safari hii haniachi hai. Lyle, vidole vimefungwa kitambaa, akaendesha programu ya kutafuta sehemu zilizopotea. Ikatafuta, ikatafuta, ikaipata. Iliyoharibika ni ile ramani ya mgawanyo wa diski tu. Video zote zilikuwepo. Tukazinakili kwanza ndipo tukatazama.

Lyle hakumaliza. Alitoka nje akaupiga mlango wa gereji mateke mpaka ukabonyea. Mimi nilibaki nisikilize, maana siku ile masikio yalikuwa yanavuma, sikusikia kitu. Jana nilisikia. Kwenye video simu ya Dwight iko mezani, spika iko wazi. Kuna mtu alikuwa anaongea naye kabla hajanigeukia. Mtu huyo anapiga kelele, "Dwight, mwachie! Dwight, utamuua!" Analia. Kisha anakata simu.

Ni sauti yako, Joleen.

Mwanasheria wangu nitampa video Alhamisi asubuhi, si kabla ya hapo. Naituma barua hii leo ikufikie kabla hujapanda ndege. Nataka ukiulizwa ulisikia nini, useme mwenyewe.

Nisalimie Mama Ardith, na Mjomba Gus mwambie asiteleze kwenye barafu. Mungu akufikishe salama. Usiende hotelini, kitanda chako nimekitandika kwa mkono mmoja.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata leo,
Corinne