Rangi ya Buluu Chini ya Mchanga

Ngara

Mwanangu Imakulata,

Unisamehe kwa kimya changu. Barua zako zote mbili zilinifikia, ya kwanza kabla ya mavuno ya maharage na ya pili baada yake. Niliziweka ndani ya kamusi, na kila nilipoifungua niliziona, nikaifunga. Sikukosa karatasi wala wino. Niliogopa swali uliloniuliza, na hata sasa naliogopa.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja na Jenerosa kambini Benaco? Nilikuwa nikiwafundisha ninyi wakimbizi Kiswahili, nawe ulikaa mstari wa mbele ukichanganya l na r bila haya. Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa ameolewa Biharamulo na kutuachia mtoto, na siku hiyo bibi yake alikuwa na homa, basi nikaja naye. Aliziba masikio akapiga kelele tangu mwanzo wa somo hadi mwisho. Ulimpa biskuti, kisha ukanijia na uso wa huzuni.

"Mwarimu, mtoto amekataa kura."

"Kura?" nikasema. "Ana miaka sita. Hata angekubali, wasingemwandikisha."

Darasa lilicheka, nawe ulicheka kuliko wote. Ndipo ukatupeleka kwenye kibanda chako.

Humo mlikuwa na sanduku la mbao lililojaa mchanga. Ndani ulikuwa umelipaka rangi ya buluu, ili mtoto akifukua hadi chini aone maji. Kwenye rafu ulipanga ng'ombe wa udongo, nyumba za mabua, gari la waya, watu wa mti. Ulinieleza kwamba mgeni mmoja wa kambini ndiye aliyekufundisha tiba hiyo ya kucheza na mchanga: mtoto asiye na maneno hupanga vitu apendavyo, na mtu mzima hukaa kando akatazama. Ukanitajia pia jina la hali ya Jenerosa, otizimu. Nililitafuta katika kamusi, halikuwemo. Kijijini wengine walisema amerogwa, wengine walisema hana adabu. Mimi, nakiri, nilikuwa katika kundi la pili.

Jenerosa alimpandisha ng'ombe juu ya paa.

"Ng'ombe hapandi juu ya nyumba," nikasema.

"Mwarimu, mchanga hausahihishwi. Toka nje."

Tangu nilipokuwa mwanafunzi, hakuna aliyewahi kunitoa darasani. Nilitoka. Nikachungulia kupitia matete ya ukuta, siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Kila mara alifukua mstari mmoja katikati ya sanduku mpaka buluu ikaonekana, akatulia. Katika mwezi wa pili wa michezo hiyo aliushika mkono wako akauzika mchangani hadi kiwiko, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Jambo jingine ulilonifundisha lilikuwa zito zaidi. Jenerosa hutumia nafsi ya pili mahali pa nafsi ya kwanza. Akiwa na njaa husema, "Unataka uji." Mimi nilikuwa nikikishikilia kikombe na kumwambia, "Nataka. Sema nataka." Naye alijibu, "Sema nataka." Uji ulipoa mikononi mwangu asubuhi nyingi. Nilidhani ni kosa la sarufi, na makosa ya sarufi huponywa kwa mazoezi. Ukaniambia, "Nyinyi mnamuuriza unataka uji, ndipo uji unakuja. Yeye amekariri mrango wa uji, Mwarimu." Nimefundisha viambishi vya nafsi maisha yangu yote, na sikuwa nimewaza hivyo. Hata hiyo r yako sikuisahihisha.

Kisha mkavuka daraja la mpakani kurudi kwenu, na kibanda kikabomolewa. Jenerosa alifukua uwanja wetu hadi kina cha kiwiko. Alipokuta udongo mwekundu tu, aliuma kifundo cha mkono wake. Bibi yake alitandika kitenge cha buluu ndani ya kasha akamwaga mchanga juu. Mtoto alikivuta kitenge, akakikung'uta, akakikunja vizuri, akamrudishia.

Juma lililopita, asubuhi, tuliukuta mlango wazi. Tulitafuta migombani, tukatafuta kisimani. Niliita jina lake ingawa najua haitiki. Niliwaza barabara ya lami na malori, nikaazima baiskeli.

Njiani nilimkuta mama mmoja muuza ndizi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. Sikumwitikia. Sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu bila marahaba. Nilimwuliza tu kama amemwona mtoto.

"Kale kasichana? Nimekaambia hujambo, nako kananiambia hujambo. Nikasema, unakwenda wapi? Kananiambia, unakwenda wapi? Kananidhihaki mimi mtu mzima, kisha kakashika njia ya kambini!"

Nilimkuta Benaco. Hakuna mti pale sasa, hakuna kibanda, ni nguzo chache na mabaki ya maturubai. Alikuwa ameketi kando ya shimo alilolichimba kwa mikono. Chini ya udongo alikuwa amekuta kipande cha turubai la buluu, akakisafisha, akakizungushia kokoto.

Aliniona akasema, "Unaogopa."

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Nikatazama nyuma: baiskeli ya kuazima nilikuwa nimeitupa katikati ya njia.

"Ninaogopa," nikasema.

Hakurudia. Alisogea kidogo kunipa nafasi, nikaketi. Mpaka leo sijui kama alikuwa akisema habari zake au zangu.

Sasa unaniandikia kwamba umetengeneza sanduku jingine huko kwenu, na kwamba nimlete akae nawe. Mwanangu, naliwaza lile daraja. Askari atamwuliza, "Unaitwa nani?" Naye atajibu, "Unaitwa nani?" Atamwuliza, "Unatoka wapi?" Mtu mwenye bunduki hapendi kurudishiwa swali lake. Tena mimi ni mzee. Nikimwacha ng'ambo ya mto na njia ikafungwa, nani atamfuata?

Na nikimbakiza, ipo lami. Kaka yangu wa Mugoma anasema tumfunge kamba mguuni, kwa usalama wake. Nilimfukuza nyumbani kwangu. Lakini juzi nilijikuta nimesimama mbele ya kamba ya mbuzi, naipima kwa macho. Hapo ndipo nilipoingia ndani na kuitafuta kalamu.

Jumapili mama yake anakuja kutoka Biharamulo, na tutaketi watatu. Bibi yake amekwisha kufua gauni la mtoto la safari. Tukiamua kuvuka au kubaki, nitakuandikia siku hiyohiyo, na barua hiyo haitalala ndani ya kamusi.

Ni mimi, babu yake Jenerosa,

Mwarimu wako