Subirini Niugue Kwanza

Mjukuu wangu Nyambura,

Huku Gatuanyaga tuko wazima, na yule mbuzi wako amezaa mapacha! Umeniuliza kama ni kweli nilikubali kudungwa vijidudu vya malaria makusudi, ili madaktari watafute chanjo. Ni kweli kabisa!

Sisi tuliojitolea tulilazwa wodini tukiwa wazima, tukipimwa damu kila siku. Wamama wa kanisa wakaja kuniombea homa isinipate. Nikawapigia kelele, "Subirini niugue kwanza!" Nesi alicheka hadi akakaa chini.

Homa ilikuja, hayo tuyaache, nikapewa dawa papo hapo, nikapona. Wamama wakasema ni maombi, daktari akasema ni dawa.

Lakini wacha nikuambie kilichonifurahisha. Kila asubuhi nesi aliniuliza, "Mama, bado unataka kuendelea? Ukitaka kwenda nyumbani, hakuna atakayekukasirikia." Nyambura, nilikuwa nimechuma kahawa ya watu, nimeolewa, nimezaa watoto watano, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaanza kuamka mapema, najifunga kitambaa safi kichwani, namngoja aje aniulize tena.

Cucu wako